Redio, Simu na Kipimo cha Wimbo

Swali linaloulizwa siku hizi barazani na madarasani ni hili: je, redio ya muziki itaendelea kuishi, au jua lake limekwisha kuchwa? Wanaouliza wana sababu. Kijana wa leo wa Dar es Salaam, wa Mombasa au wa Unguja anacho mfukoni chombo kimoja kimpacho wimbo autakao, saa aitakayo, mara azitakazo. Hana haja ya kungoja. Mzazi wake alingoja juma zima ili asikie wimbo mmoja katika kipindi cha nusu saa, na mawimbi yakivurugika siku hiyo alingoja juma jingine. Ikiwa jambo lenyewe ni wepesi wa kupata tu, basi shauri limekwisha, na makala haya hayana kazi.

Lakini naona kuwa swali limewekwa upande. Chombo cha kusikilizia hakiuchukui wimbo kama mtungi uchukuavyo maji, yakaingia maji na kutoka maji yale yale. Chombo huukata wimbo kwa kipimo chake. Huamua urefu wake na mahali pa kiitikio. Huamua jina la nani litajwe na la nani lisahauliwe. Huamua pia kama wimbo utasikiwa na mtu mmoja au na mtaa mzima. Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, ambao twaujua wimbo kuwa ni tawi la ushairi, hayo ndiyo yapasayo kupimwa. Nakusudia kuvifuata vyombo kwa zamu yake, santuri, redio, kanda na simu, kisha nitoe hukumu yangu juu ya redio.

Tuanze na santuri, kwa kuwa watu husahau kuwa ilitangulia. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake kutoka Unguja mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine ya kampuni ya His Master's Voice. Habari zake zajulikana kwa kila aliyesoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Safari hiyo ilifanyika miaka 23 kabla ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza kusikika mwaka 1951. Kwa hiyo wimbo wa Kiswahili ulikwisha kuuzwa madukani kabla haujapata redio ya kuutangaza.

Wimbo wa taarabu ukiimbwa barazani hauna haraka. Ala hutangulia, mwimbaji hutoa ubeti, waitikiaji huupokea, na mstari uliowagusa wasikilizaji hurudiwa mpaka kila mwenye lake moyoni apate nafasi ya kuinuka na kutunza. Beti zenyewe, aghalabu za mistari mitatu yenye mizani 12 au 16, zimepangwa ili fumbo lijengwe kidogo kidogo na kufunguka mwishoni. Sasa fikiri juu ya santuri ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika na kuchukua dakika 3 hivi kila upande. Mwimbaji alilazimika kupunguza beti, au kuufupisha utangulizi, au kuukata wimbo vipande viwili na kumtaka msikilizaji aigeuze sahani katikati ya maana. Wale wasemao leo kuwa simu imekuja kuufupisha wimbo wetu yafaa wakumbuke kuwa mkasi wa kwanza ulikuwa santuri.

Redio ilipofika haikuuondoa mkasi huo mara moja, kwa sababu kwanza ilizipiga santuri zile zile. Mabadiliko yalikuja redio ilipoanza kurekodi yenyewe. Sauti ya Dar es Salaam iligeuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Mwanamuziki aliyetaka sahani yake iuzwe alikwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Aliyebaki nyumbani alikuwa na chumba cha kurekodia cha redio ya taifa, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa karibu mlango wa pekee. Na katika chumba hicho wimbo ulinaswa kwa utepe. Utepe hauna upande wa dakika 3.

Matokeo yake yamo masikioni mwa kila mpenzi wa nyimbo tuziitazo zilipendwa. Sikiliza dansi la miaka ya 1970 na 1980, la NUTA Jazz, la Vijana Jazz, au la Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978. Sehemu ya kwanza huenda taratibu na kusimulia: mume amlalamikia mkewe, mzazi amwonya mwanawe, mtu aandika barua kwa rafiki aliyemsaliti. Kisa hupewa nafasi yake, kikawa na mwanzo, na jambo, na majuto. Kisha magitaa hubadilisha mwendo, tarumbeta huingia, na wimbo hutoka katika hadithi ukaingia katika ngoma. Dakika 8 si ajabu. Hata majina ya mitindo yalionyesha asili yake. Sikinde, jina la mtindo wa Mlimani Park, ni jina la ngoma ya Wazaramo. Nathubutu kusema kuwa katika vyombo vyote vilivyoupokea wimbo wa Kiswahili tangu mwaka 1928, utepe wa redio ndio wa kwanza uliouacha ufike kimo chake.

Haifai, hata hivyo, kuisifu redio ya zamani kama marehemu asifiwavyo matangani. Mlango ukiwa mmoja, bawabu huwa na nguvu nyingi. Maneno ya wimbo yalipitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa, na yasiyopendeza yalirudishwa. Wengine husema kuwa ukaguzi huo uliwanoa watunzi kwa kuwasukuma kwenye mafumbo. Mimi sikubali upesi. Mafumbo yalikuwako pwani kabla ya kamati yo yote, na nyimbo zilizokataliwa hazikuachwa katika utepe, kwa hiyo hatuwezi kuzisikia na kupima tulichopoteza. Tena malipo ya mtunzi yalikuwa haba. Wimbo wake ulisikika nchi nzima naye akabaki akitegemea kiingilio cha mlangoni siku ya Jumamosi.

Juu ya kanda sitakawia. Ilimpa msikilizaji uwezo ambao hakuwa nao: kuurudisha wimbo nyuma na kuusikia tena. Watu waliweka vinasa sauti karibu na redio, wakazinasa nyimbo, na wafanyabiashara wakafanya vivyo hivyo kwa wingi na kuziuza bila ya kumlipa mtunzi. Kanda ilikuwa mtoto wa redio aliyeanza kumwibia mzazi wake. Lakini pia ilizihifadhi nyimbo nyingi katika makabati ya watu wa kawaida.

Jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka 1993, sheria ya utangazaji ilipowaruhusu watu binafsi kuanzisha vituo Tanzania. Radio One ilianza mwaka 1994, na vingine vikafuata katika masafa ya FM. Ni haki kusema kuwa vituo hivyo viliwafungulia vijana mlango. Muziki uitwao Bongo Fleva usingalifika mikoani upesi vile kama si watangazaji waliothubutu kuzipiga kazi za vijana wasio na bendi wala jina. Bawabu mmoja aliondoka, wakaja mabawabu wengi. Wasanii wengi wamelalamika kuwa baadhi yao walipenda kuona mkono ukiwa na kitu kabla ya kufungua. Lakini palikuwa na milango mingi ya kubisha.

Pamoja na wema huo ulikuja ugonjwa. Kituo kiishicho kwa matangazo ya biashara huona kila dakika kama kiwanja cha kupangisha. Wimbo wa dakika 8 ukawa mpangaji mkubwa mno. Mtangazaji akazoea kuongea juu ya utangulizi, kuingiza mlio wa kituo katikati ya ubeti, na kuukata wimbo kabla haujafika mwisho, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza mpaka hakijulikani kimekusudiwa kwa nani. Nyimbo kumi zikapigwa asubuhi, zikarudi mchana, zikarudi jioni. Majina ya watunzi yakatoweka. Likabaki la mwimbaji, na pengine hilo nalo likamezwa na salamu. Hapa ndipo lilipo kosa ambalo wengi hawalioni. Redio ilijifupisha na kujirudiarudia kabla simu haijafika kushindana nayo. Simu ilipofika ilikuta mpinzani amekwisha kuweka silaha chini, akijaribu kuuza kile kile ambacho simu hukiuza kwa urahisi zaidi.

Tuitazame basi simu yenyewe bila chuki, maana kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki si kidonda kitupu. YouTube ilianza mwaka 2005, Boomplay mwaka 2015, na Spotify ilifunguliwa kwa nchi zetu mwaka 2021. Mswahili wa Muscat aweza leo kusikia taarabu ya Unguja bila ya kungoja mgeni amletee kanda. Kijana wa kijijini aweza kuimba na kusikiwa bila ya kupiga goti kwa mtu. Asiye na bando humwendea mwenye kompyuta sokoni, akajaziwa nyimbo katika flashi kwa malipo madogo. Nyimbo za zamani nazo zimefufuka, kwa kuwa wapenzi wasiolipwa na mtu wametoa kanda makabatini na kuziweka hadharani. Mwanafunzi wa ushairi wa sasa ana nyimbo nyingi za kusikiliza kuliko mwalimu wake alivyokuwa nazo.

Lakini simu nayo ina mkasi, na mkasi wake ni mkali kuliko wa santuri. Katika Spotify, kwa mfano, wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30. Msikilizaji ana nyimbo zisizo na idadi chini ya kidole chake, na akichoka katika sekunde ya 20, hesabu haimjui mtunzi. Mtunzi mwenye akili hufanya nini? Hukiweka kiitikio mbele. Huondoa utangulizi. Husema neno lake kubwa mara moja, kisha hulirudia. Simlaumu, maana ndiko mkate wake uliko. Nasema tu kuwa shairi la fumbo, ambalo kwa desturi humvuta mtu pole pole na kufunguka katika ubeti wa mwisho, halina pa kusimama mbele ya kipimo cha nusu dakika. Santuri ilipunguza beti. Simu huugeuza mpango wa shairi wenyewe, ikataka mwisho uwe mwanzo.

Pia kuna jambo la kuchagua. Programu ya simu huangalia ulichokipenda jana ili ikuletee kilichofanana nacho leo. Ni mtumishi mwema, lakini hakugombezi. Hatakuambia mtumishi huyo, "Umekaa Dar es Salaam miaka kumi wala hujasikia zeze la Wagogo, kaa kimya usikilize." Redio njema ilifanya hivyo. Ilimchanganyia Mmakonde wimbo wa Kihaya na Mhaya kasida ya Pwani, wote wawili bila ya kuulizwa, na kwa njia hiyo watu waliokuwa hawajaonana walijuana masikio.

Nitatoa mfano mmoja mdogo nilioushuhudia mwenyewe Tanga, katika duka la fundi cherehani ambaye redio yake haizimwi tangu asubuhi. Kituo kimoja kilipiga taarabu ya zamani. Mtangazaji, ambaye sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, alitaja kikundi, mwimbaji na mtungaji, akaeleza kwa maneno machache kuwa wimbo ulitungwa kwa sababu ya ugomvi wa majirani. Sote tulinyamaza. Ubeti wa tatu ulipokwisha, ikaingia sauti ya tangazo la sabuni, na wimbo ukaishia hapo. Mwanafunzi wa fundi, kijana aliyekuwa na vidude masikioni, alivivua akauliza:

"Mzee, huo wimbo wa nani?"

"Kautaja mtangazaji, mwanangu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeziba masikio, samahani. Lakini nitaupata."

Akautafuta katika simu kwa maneno machache aliyomsikia fundi akiyaimba, naye akaupata. Ulikuwa mzima, na ubeti wa mwisho umo. Tuliposikia ubeti huo, wanawake wawili waliokuja kuchukua nguo zao walicheka pamoja, na fundi akasimamisha cherehani ili aeleze fumbo, na mmoja wa wale wanawake akampinga kuwa maana siyo hiyo. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko wimbo. Nikaomba kuiona simu. Juu ya wimbo palikuwa na maneno mawili tu yasemayo kuwa ni taarabu ya zamani. Mwimbaji hakutajwa, wala kikundi, wala mtungaji, wala mwaka.

Redio ilitupa jina ikatunyima mwisho. Simu ilitupa mwisho ikatunyima jina. Na maana hatukuipata kwa redio wala kwa simu. Tuliipata kwa sababu watu sita tuliusikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja.

Kutoka hapo yatoka maoni yangu. Wako wasemao kuwa redio ni mnara na mawimbi, na kwamba minara ikizimwa redio imekufa. Norway ilizima vituo vyake vya taifa vya FM mwaka 2017 na kuvihamishia katika njia nyingine ya kurusha sauti. Watu hawakuacha kusikiliza redio kwa sababu hiyo. Redio ni tendo: mtu mmoja mwenye maarifa huwachagulia watu wengi, kwa lugha yao, kwa wakati mmoja, na kuwaambia wanachokisikia ni nini. Tendo hilo laweza kufanyika kwa masafa ya kati, kwa FM, hata kwa simu yenyewe. Likifanywa vibaya, hakuna mnara utakaoliokoa.

Basi yapo matatu ambayo redio yapaswa kuyafanya kama yataka kuishi. La kwanza halina gharama: wimbo upigwe mpaka mwisho, na majina yatajwe. Mtungaji kwanza, kisha mwimbaji na kikundi, na mwaka kama wajulikana. Mtangazaji anyamaze wimbo ukiimba. Wako watakaouliza ni nani atakayelipa hizo dakika. Kwa kituo cha biashara swali ni la haki, nami sidai kila kituo kigeuke chuo. Lakini kituo cha umma kina wajibu kwa umma, na saa moja kila jioni haiwezi kukifilisi. Huenda hata mwenye sabuni akaona faida ya kutangaza mahali ambapo watu wamenyamaza wakisikiliza.

La pili ni ghala. Tepu zilizorekodiwa katika chumba cha Radio Tanzania zimerithiwa na shirika la utangazaji la taifa, na katika hizo umo ushairi wa Kiswahili ambao haukuandikwa kitabuni. Utepe wa sumaku hauishi milele. Unga wake hubanduka kwa joto na unyevu, na mashine za kuupigia hupungua kila mwaka, pamoja na mafundi wazijuao. Kuzihamisha sauti hizo katika kompyuta ni kazi ya mafundi. Kuyaandika maneno yake, kuzitafuta maana zake kwa wazee walio hai, na kuyarudisha majina ya watungaji ni kazi yetu sisi wa lugha. Mwenye wimbo alipwe pia, au warithi wake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na ghala likifunguliwa bila ya kuifuata tutakuwa tumewaibia wazee mara ya pili.

La tatu ni kutoka nje ya mji. Redio ya zamani ilipeleka gari na mashine vijijini kunasa ngoma. Simu haina sababu ya kumtafuta manju ambaye hajajiweka mwenyewe mbele yake. Redio inayo, kama ina watu waijuao kazi yao.

Nisieleweke kuwa nawaita watu warudi nyuma. Katika zilipendwa ziko nyimbo nyingi zenye maneno dhaifu, na katika kazi za vijana wa leo ziko chache ambazo mtunzi wa zamani angalizionea wivu. Wala simtaki kijana atupe simu yake. Ndiyo iliyotupa ubeti wa mwisho pale Tanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na mgeni huyu aweza kumponya mwenyeji wake kwa kumkumbusha kazi aliyoiacha.

Msomaji asiyekubaliana nami nampa jaribio. Achukue karatasi na kalamu jioni moja, afungue redio aipendayo kwa saa moja, aandike ni nyimbo ngapi zilizopigwa mpaka mwisho, ni watungaji wangapi waliotajwa, na ni nyimbo ngapi ambazo asingalizitafuta yeye mwenyewe. Kisha afanye vivyo hivyo kwa simu. Hesabu hizo mbili zitamwambia kama redio yake ina maisha mbele yake, kuliko nitakavyoweza kumwambia mimi.